Mashujaa weusi kwenye komiki: hawauziki, au hawauzwi?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2017 David Gabriel, bosi wa mauzo wa kampuni ya komiki ya Marvel, alisema wenye maduka ya komiki Marekani wamemwambia wateja wamechoka na mashujaa wapya weusi, wa kike na kadhalika. Baadaye akalainisha kauli, lakini neno likishatoka halirudi mdomoni.

Mimi nasema wanunuzi wapo, mizani ndiyo mbovu. Duka la komiki kule huagiza miezi kadhaa kabla kitabu hakijatoka, na kwa kawaida kisichouzika hakirudishwi. Hasara ni ya mwenye duka. Sasa hela yako ungeiweka kwa Batman, au kwa binti wa Kipakistani wa Jersey City ambaye hakuna aliyewahi kumsikia? Hicho tunachokiita mauzo ni oda za mfanyabiashara mwoga. Binti huyo, Kamala Khan, alipewa kitabu chake 2014. Toleo la kwanza likachapwa tena na tena, na mkusanyo wake wa kwanza ukabeba Hugo 2015, tuzo ya hadithi za kisayansi na za kubuni.

Mchangiaji 1: Unamwonea mwenye duka, mkuu. Kodi ya fremu nani anamlipia? Na woga gani unaousema? Komiki ya Black Panther, shujaa mweusi wa Marvel, iliyoandikwa na Ta-Nehisi Coates ilipoanza Aprili 2016, maduka yaliagiza zaidi ya nakala 250,000. Marvel wakalewa, wakaongeza komiki nyingine za ukoo huohuo, World of Wakanda, kisha Black Panther and the Crew. Zote mbili zikafia toleo la sita, 2017. Watu walikuja, wakaonja, wakaondoka zao.

Mchangiaji 2: Wakaonja nini, kaka? The Crew ilitangaziwa kifo matoleo mawili tu yakiwa yametoka! Huo ni ugali unaoepuliwa maji hayajachemka. World of Wakanda nayo ikapata Eisner, tuzo kubwa ya komiki, 2018, iko kaburini tayari. Na mwaka huohuo filamu ya Black Panther ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Shujaa ni yuleyule, ila hapa tiketi ilikuwa inauzwa kila mahali.

Kama hiyo haitoshi, mtazame Static, shujaa mwingine mweusi. Kampuni ya Milestone, iliyoanzishwa na wasanii weusi, ilimtoa 1993 ikisambazwa na DC, kampuni ya Batman. Kufika 1997 komiki zake zimefungwa. Mwaka 2000 akaingia kwenye televisheni, watoto wakamfuata hadi 2004.

Mchangiaji 1: Dada, hapo umenisaidia mimi. Filamu na televisheni siyo komiki. Mtoto aliyempenda Static kwenye televisheni, kitabu alikwenda kununua?

Mchangiaji 2: Akanunue kipi, na umeambiwa vilifungwa 1997?

Mchangiaji 3: Naomba niwaharibie wote. Storm, shujaa mweusi wa kike wa kundi la X-Men la Marvel, ambaye mama yake ni binti mfalme wa Kenya (sisi huku Nairobi tunamhesabu wa kwetu), yupo tangu 1975. Anajulikana, anapendwa, kwenye filamu yumo. Alipopewa komiki yake mwenyewe 2014, ilikoma toleo la 11. Huyo mwenye duka alikuwa hamjui?

Mleta mada: Hapo umenibana. Hata hivyo, karibu miaka arobaini amepangwa kwenye rafu kama mmoja wa kundi, halafu siku moja unamtoa peke yake na kumpa miezi 11. Wolverine naye ni wa kundi hilohilo. Nitajieni komiki ya Wolverine ikifutwa, na mniambie amekaa miaka mingapi bila kupewa nyingine.