Dada yangu wa Bruxelles anataka tuuze parsele (kiwanja cha baba) tununue lavwari, munaona namna gani?

Mwana_Katuba

Jambo yenu bandugu. Niko na jambo linanikosesha usingizi tangu Pasaka, nimeona niliweke hapa kwa sababu kuko bantu banafanya kazi ya kufula na bengine baliishi Bulaya kabla ya kurudi hapa Lubumbashi.

Dada yangu mudogo iko ku Bruxelles mwaka wa kumi na moja sasa, papye zake ziko sawa, anafanyaka kazi ya usafi mu ofisi. Karibu na pale anaishi, komini ya Ixelles, upande wa Matonge, kuko lavwari, ile nyumba ya mashini za kufulia, unaingia na nguo zako mu mufuko, unalipa mashini, unafula, unakausha, unatoka, hakuna mutu wa kukuhudumia. Muzee mwenye lavwari amechoka anataka kuuza. Mashini ndogo 8, kubwa 3, za kukausha 5. Nyumba yenyewe si yake, anapangisha tu. Anaomba euro 60 000 kwa vyote, na amemuambia dada kwamba kwa siku mashini zinazunguka mara 40, kila mara euro 5, basi dada akapiga hesabu akaona euro 200 kwa siku na hakuna mutu wa kulipa mushahara. Yeye iko na 35 000 aliweka pole pole miaka yote ile. Ile inabakia anataka tuuze parsele baba alituachia ku Ruashi.

Tuko batoto bane. Babili bamekubali, yaya mukubwa, ule muzaliwa wa kwanza, amekataa kabisa, anasema parsele ya marehemu haiuzwi juu ya kufula nguo za bantu Bulaya. Mimi niko katikati na makaratasi ya parsele ni mimi ninayashika. Naomba munisaidie: dada aangalie nini kabla ya kusaini? Ao hizo pesa tuzilete hapa tufungue lavwari yetu mu vile (mujini), kwetu ambako tunapajua?

Mama_Presingi

Mwanangu, jambo. Mimi niko na presingi, nyumba ya kufulia bantu nguo na kuzipiga pasi, ku Kamalondo mwaka wa tisa. Usiuze kitu kwanza, na usimukasirikie yaya yako, mutu anayechunga parsele ya baba si adui yako.

Nianze na ile ya kufungua hapa kwa sababu njo ninayoijua. 2019 nilinunua mashini moja kubwa ya kilo 18, ya okazyo (iliyotumika), ilitoka Bulaya mu kontena, ikapita Dar es Salaam, ikalala Kasumbalesa wiki mbili, kila siku nalipa. Ikafika, fundi akaizunguka nyuma, akaangalia ule mukebe wa waya, akaniuliza "mama, mu nyumba kuko trifaze?" Hakukuwa. Zile mashini za kazi mingi zinaomba trifaze, umeme wa laini tatu, volti 400, na nyumba yangu ilikuwa na laini moja tu ya kawaida. Nikaifunika na shiti, ikakaa miezi saba mpaka nikapata pesa ya kuvuta laini. Muuzaji hakuniambia na mimi sikuuliza.

Halafu SNEL, ile kampuni ya umeme, inakata, nguo ziko mu maji ya sabuni, mulango wa mashini umejifunga wenyewe, na mutu amesimama mbele yako anataka kostimu ya harusi ya saa nane. Basi unanunua jenereta, unanunua mazuti, unachimba foraji (kisima), unaweka tanki juu. Na mwishoni mwa yote, kwetu hapa mutu hataki kuja kujifulia, kuko mama mu kiwanja anamufulia beseni zima kwa faranga kidogo. Mimi ninaishi na kombinezo (ovaroli) za bantu ba mu mini (migodi), mashuka ya otele, na makostimu. Mwezi wa saba na wa nane, ile vumbi nyekundu ikiingia mu kombinezo, hata ukifula mara tatu maji inatoka kama chai. Njo kazi yetu, na iko na faida yake, lakini si lavwari ile ya dada yako. Ukileta ile ya kujihudumia hapa utakaa unaangalia mulango.

Alirudi_2021

Kaka, nilikaa Bruxelles miaka sita, na miaka miwili ya mwisho nilikuwa nafunga lavwari moja usiku, upande wa Saint-Gilles. Nafagia, natoa manyoya mu mashini za kukausha, napanguza milango, nafunga. Kwa hiyo hii nyumba dada yako anaisema naiona kabisa mbele ya macho.

Wateja wapo, hapo asikudanganye mtu. Pale kuna watu wengi wanaishi chumba kimoja juu ghorofa ya nne, hakuna kiwanja, hakuna kamba, ukianika ndani wakati wa baridi ukuta unaota kuvu. Kuna wanafunzi. Na kuna hata wenye mashini nyumbani wanaoleta ile kuvertire (blanketi) nene ya baridi juu haiingii mu mashini ndogo, ndiyo maana zile 3 kubwa ni muhimu kuliko 8 ndogo, aulize kama zote 3 zinafanya kazi kweli. Jumamosi na Jumapili watu walikuwa wanangojea zamu, Jumanne niliweza kukaa saa nzima nasikia tu friji ya duka la jirani.

Sasa ile mara 40. Asimwamini mzee na asimkatalie, aombe faktire (bili) za maji za miaka mitatu. Kila mashini ina karatasi yake inaonyesha inakunywa litre ngapi kwa mzunguko mmoja, ndogo pengine 60, pengine 70, kubwa zinazidi mara mbili. Achukue maji ya mwaka mzima, agawanye kwa hizo litre, agawanye tena kwa 365. Mfano, mashini ya litre 70, maji ya mwaka meta kyubu 700, hiyo ni mizunguko 10 000, kama 27 kwa siku. Mtu anaweza kuandika daftari anavyotaka usiku mezani kwake, lakini nguo haifuliwi bila maji na maji yamepita mu kontere (mita). Za kukausha azihesabu kwa gazi ao umeme, hizo hazinywi maji. Na faktire za nguvu aombe za kabla ya 2022 na za baada, juu vita ya Ukraine ilipoanza bei ilipanda vibaya, na lavwari ni nyumba inayokula nguvu asubuhi mpaka usiku. Nilimuona bosi wangu amekaa na barua ya gazi mkononi, hakuvua hata koti.

Pili, euro 5 si euro 5. TVA, kodi ya mauzo, ya Ubelgiji ni 21 kwa mia na iko ndani ya bei, inabakia 4,13. Hapo hujalipa nyumba, maji, umeme, asiransi (bima), na fundi.

Tatu, kontra (mkataba) ya nyumba, na hapa naomba dada asome neno kwa neno. Kontra ya biashara kule kwa kawaida ni miaka 9, mpangaji ana haki ya kuomba tena, lakini ombi linatumwa kwa barua ya rekomande (iliyosajiliwa ku posta) kati ya mwezi wa 18 na wa 15 kabla kontra haijaisha. Ukichelewa, haki imepotea. Mzee akiwa amebakisha miaka miwili, dada ananunua mashini zilizofungwa na simenti mu nyumba ambayo atatolewa, na mashini ya hivyo haibebwi mgongoni.

Maji ya Bruxelles pia yana chokaa mingi, inashika rezistansi, ile chuma inayopasha maji moto, mpaka inakuwa nyeupe kama jino, aulize kama kuna kifaa cha kulainisha maji. Na aone kama watu wanaweza kulipa na kadi, vijana wa pale hawatembei na vichele.

Fundi_Kampemba

Mimi ni fundi wa mashini, nafanya za presingi na za otele. Dada aende lavwari iko tupu, afungue mulango, aweke mukono ndani ya dramu upande wa juu, aisukume juu na chini. Ikicheza, ikigonga "tok tok", rulma (bering) zimekufa. Ku mashini ndogo ya nyumbani unabadilisha, ku mashini ya kazi lazima kufungua tumbo lote na bei inakaribia kununua ingine. Kisha aiwashe bila nguo aache ifike ile hatua ya kukamua, asikilize. Ikilia kama ndege inapanda, hapana.

Aangalie chini ya mulango kama kuko alama nyeupe za maji yamekauka, ile kaushu (mpira) imechoka. Na nyuma ya za kukausha, avute bomba la kutoa moshi: kama manyoya yamejaa pale, mwenye lavwari ni muvivu, na ile manyoya njo inawashaka moto. Mutu ambaye hasafishi bomba hasafishi kitu kingine.

Bintu_Bukavu

Miye niko Bukavu na sijuwe kazi ya kufula, lakini ile ya familia naijuwa juu ilitupata. Wote munasema mashini, mashini, na hakuna anaye uliza: parsele ikiuzwa, lavwari inaandikwa ku jina la nani? Ikiwa ni ya dada peke yake, ninyi batatu mumebaki na nini mukononi? Siyo kusema atawaibia, hapana, anaweza olewa, anaweza gonjwa, anaweza kufa, na kule batafata karatasi. Kwetu kaka alituma pesa za boutique miaka ine bila karatasi hata moja, alipofariki bana bake bakakosa kila kitu.

Ubelgiji kuko ile sosyete banaita SRL, tangu 2019 haiombi tena mutaji wa chini, inaomba plan ya feza na muende kwa notere, ule mwanasheria anayethibitisha makaratasi, na sehemu zinaweza kuandikwa ku majina yenu yote. Yaya yenu mukubwa akiona jina lake pale, pengine roho itashuka.

Mwana_Katuba

Bandugu, nimerudi, siku tisa zimepita. Aksanti sana, mama wa presingi nakushika mikono mbili.

Nilisomea dada majibu yenu yote ku simu, alinyamaza, nilizani laini imekatika. Kesho yake akaenda kuomba faktire za maji. Muzee alizungusha, mara ziko kwa kontabli, mara zimepotea, mwishoni akaleta ya mwaka uliopita tu. Meta kyubu 430. Mashini ndogo imeandikwa litre 60. Tukahesabu yeye kule na mimi hapa na kalamu, tukafanya kama vile zote ni ndogo, haifiki hata mara 20 kwa siku. Na Jumamosi alikaa pale toka asubuhi mpaka bafunge, akahesabu kwa macho, mara 31. Jumanne, 9.

Dramu mbili zinacheza, moja ni ile kubwa ya kuvertire. Kontra ya nyumba imebakiza miaka mitano.

Dada hajaacha. Amerudi kwa muzee na ile karatasi ya maji amemuambia euro 28 000, siyo moja zaidi, na ile mashini kubwa itengenezwe kwanza. Muzee alikasirika, akamufungia mulango, halafu jana jioni akapiga simu yeye mwenyewe akasema 40 000. Dada amesema 28, na akikubali atalipa na pesa yake peke yake.

Yaya mukubwa alikuja nyumbani Siku ya Mungu, nikamuonyesha hesabu. Alisoma mara mbili, akaniomba makaratasi ya Ruashi, akayaangalia, akanirudishia nikayaweka mahali yalipokuwa. Halafu akauliza notere wa kule anaombaka ngapi. Bintu wa Bukavu, kama unajua tuambie, juu yaya anasema kama jina lake litaandikwa yeye anaweza kutoa kidogo ku likelemba yake, ile muchango ya zamu.