Tupeane uzoefu: wapiga kinanda ambao macho yameanza kugoma

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wa 26 napigia kwaya kinanda. Tangu Pasaka, nikifungua nota naona mistari mitano imekuwa kumi. Jumapili iliyopita wimbo una flati tatu (zile alama za kushusha sauti nusu hatua), mimi nikaona mbili. Doh ikarukia huko juu, sauti ya kwanza wakalia kama wameona nyoka, mwalimu wa kwaya akanitolea macho mbele ya usharika mzima.

Nilishaamua kumwambia mwenyekiti atafute kijana. Jioni ile mwanangu akanionyesha video ya kikongwe wa Kipolandi, mpiga piano Mieczysław Horszowski. Jina limenishinda kutamka, nyumbani tunamwita Babu H. Alizaliwa Lwów 1892, mji ambao leo ni Lviv ya Ukraine, na onyesho lake la mwisho alilifanya Philadelphia, Oktoba 1991. Miaka 99! Macho yalikuwa yamefifia, muziki wote anautoa kichwani. Nikaahirisha kumpigia mwenyekiti.

Walio kwenye hali yangu, mnafanyaje? Mimi kukariri sikuwahi kufundishwa.

Mwana_wa_Malindi:
Shikamoo mzee. Mie napiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarab, si piano, ila huyo bwana namjua kwa silsila yake ya walimu. Mama yake alisoma kwa Mikuli, na Mikuli alisoma kwa Chopin mwenyewe, yule mtunzi mkubwa wa piano. Kisha mtoto akapelekwa Vienna kwa Leschetizky, aliyesoma kwa Czerny, na Czerny kwa mtunzi Beethoven. Huku kwetu mtu mwenye silsila kama hiyo hata akikohoa watu wananyamaza wasikilize. Macho yangu mazima, lakini mwalimu wangu alinikataza karatasi miaka miwili ya mwanzo. Anapiga kipande, narudisha. Nikikosea hasemi kitu, anapiga tena.

MamaPiano_Nrb:
Mimi nafundisha watoto, na shida yangu ni mikono. Kidole gumba na cha mwisho vinafika oktava (doh hadi doh ya juu) kwa tabu, na kuna mwalimu aliwahi kuniambia nikatafute kazi nyingine. Horszowski alikuwa mfupi sana, na mikono yake midogo. Mkono usipofika, akodi, yaani sauti zinazopigwa pamoja, naivunja: besi kwanza, zingine zinafuata, pedali inashikilia. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulalamika.

Ninachompendea zaidi ni ualimu. Alifundisha Curtis, chuo cha muziki kulekule Philadelphia, tangu miaka ya 1940. Richard Goode, Murray Perahia na Peter Serkin wote walipita kwake. Somo la mwisho alilitoa wiki moja kabla ya kufa, Mei 1993. Mwezi mmoja tu na angetimiza 101.

Kobe_Mzee:
Tusidanganyane jamani. Huyo alipiga konseto (piano na okestra) ya kwanza ya Beethoven huko Warsaw mwaka 1901, hata miaka 10 hajafika. Mimi nimeanza nikiwa na 44, baada ya kupunguzwa kazini. Kichwa changu kinashika beti moja, nyingine inamwagika. Mtu aliyekariri utotoni msimlinganishe na sisi.

Selo_Kavu:
Kobe, lakini 1981, akielekea 90, ndipo alipooa. Nalo alilikariri utotoni?

Betri_Sita:
Mleta mada, mimi nilijifunzia gizani kwa lazima. Mtaani kwetu umeme ulikuwa unakatika saa moja hadi saa nne usiku, na kinanda changu kilikuwa kinakula betri sita kubwa, kwa hiyo taa hakuna ila sauti ipo. Anza na mkono wa kushoto peke yake mpaka uweze kuongea na mtu huku unapiga. Halafu usianzie mwanzo kila siku. Wimbo wa mistari minne, anzia mstari wa mwisho, kesho wa tatu, urudi nyuma hivyohivyo. Ukianzia mwanzo daima, mwanzo unakuwa chuma na mwisho unakuwa uji. Yale mafungu ya funguo nyeusi mbili na nyeusi tatu yapapase kwa vidole, ndiyo yatakuonyesha njia.

Mleta mada:
Marahaba kijana wa Malindi, na asanteni wote. Kobe, nimekusikia, ila mimi nitajaribu kwanza. Jana usiku nilizima taa nikaanza na ule ule wa flati tatu, mkono wa kushoto. Mstari wa mwisho umeshika. Wa tatu besi inashuka kwenda A flati, kidole kinang'ang'ania kwenda G. Mama watoto kaniuliza kwani luku imeisha. Mazoezi ya kwaya ni Alhamisi.