Baridi ya Saint-Malo imenifungia ndani na mtoto. Naombeni ushauri, na mgeni anakuja Februari

Binti_Pangani
Habari za jioni wapendwa. Naishi Saint-Malo, mji wa baharini kule Bretagne, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Hii ndiyo baridi yangu ya kwanza hapa. Kiangazi kilikuwa raha tupu, ufukwe umejaa watu, jua linazama usiku, mtoto analala amechoka kwa kucheza. Tangu saa ziliporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba mji umegeuka. Nyumba nyingi za mtaani kwetu ni za watu wa Paris wa kuja likizo, zote zimefungwa. Mikahawa kadhaa imebandika karatasi mlangoni kwamba tutaonana Februari. Kunakucha karibu na saa 3 asubuhi, na ikifika saa 11 na robo jioni jua limeshazama.

Theluji sijaiona. Joto linacheza kati ya nyuzi 4 na 9, lakini upepo una unyevu unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu, kwa hiyo siku nyingi tuko wawili, mimi na mwanangu wa miaka mitatu na nusu. Akiwa hana shule tunashinda ndani hadi analia bila sababu, na mimi nalia naye. Pembe za chumba cha kulala zimeanza kuota ukungu mweusi.

Sasa mdogo wangu anayefanya kazi Muscat amepata likizo, anakuja Februari kwa wiki moja. Gari hatuna, na pesa si ya kuchezea. Wenzangu mliozoea baridi za baharini, mnaishije? Na nimpeleke wapi mgeni asije akarudi akasema dada yangu anaishi gizani?

Mama_Wawili_Rennes
Pole sana dada. Naanza na wewe kabla ya mgeni. Hicho kilio usikichukulie kawaida. Mwambie daktari wako wa kawaida waziwazi: silali vizuri, nalia, sitoki. Hapa halionekani jambo la aibu. Mwombe pia akupime vitamini D au akuandikie. Latitudo hii jua la Desemba na Januari halitoshi ngozi kuitengeneza, na sisi weusi tunahitaji jua zaidi kuliko wao. Mtoto mpeleke PMI, ile kliniki ya mama na mtoto. Ni bure hadi afikishe miaka 6, na mambo ya vitamini watakueleza hukohuko.

Ukungu: fungua madirisha yote dakika kumi kila asubuhi, hata kukiwa na baridi, halafu funga uwashe hita. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunaziba kila upenyo ili joto lisitoke, na mvuke wa sufuria na nguo mbichi unabaki ndani. Zile tundu za hewa juu ya dirisha na bafuni usizibe kwa gazeti. Kama ukungu unarudi vilevile na mwenye nyumba anakuzungusha, nenda ADIL, wanatoa ushauri wa sheria za nyumba bure. Nenda na picha zenye tarehe.

Nguo: mwavuli uache nyumbani, upepo wa Saint-Malo utaugeuza nje ndani kabla hujafika kona. Unahitaji koti refu lisilopitisha maji lenye kofia yake, chini yake sweta, chini kabisa fulana ya joto inayobana mwili. Mtoto gambuti na suruali ya plastiki ya kuvaa juu ya nguo. Subiri soldes za Januari, yaani punguzo la bei madukani, au pita Emmaüs, duka la mitumba la hisani, nguo za watoto pale ni bei ya kutupa.

Nahodha_wa_Faza
Mwanangu wa Pangani, salamu. Mimi ni mtu wa visiwa vya Lamu, nimefanya kazi melini maisha yangu yote, sasa nimetia nanga Saint-Servan, upande wa pili wa mji wenu huohuo. Nikwambie jambo moja ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: wewe unaangalia mbingu, na mbingu ya hapa baridi nzima ni ya kijivu. Angalia maji. Wenyeji wanaoishi vizuri baridi hii wanaishi kwa kupwa na kujaa, na wewe umezaliwa pwani, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo, unayajua tangu utotoni.

Nenda duka la magazeti ununue kijitabu cha maji, wanakiita annuaire des marées. Ni kidogo, kinaingia mfukoni. Kila siku ina mstari wake: saa za kujaa, saa za kupwa, na pembeni kuna namba inayoitwa coefficient. Namba hiyo inaanzia 20 hadi 120. Ikiwa 40, ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Ikipita 100, ni bamvua kubwa, na bamvua la hapa si la kwetu. Kwetu maji hupanda na kushuka kama mita 4, hapa hukaribia mita 13. Tarehe 21 Machi 2015 ilikuwa 119, watu walitoka nchi nzima kuja kusimama ukutani.

Na hapa ndipo Mungu alipokuhurumia wewe mwenye mtoto. Saint-Malo siku za bamvua kubwa maji hujaa asubuhi, saa 2 au 3 hivi, na tena saa zizo hizo usiku. Kupwa kwake huangukia alasiri, karibu na saa 9, wakati kuna mwanga bado na mtoto ameshakula. Bahari inaondoka, inakuachia uwanja usio na mwisho: mchanga mgumu, madimbwi yenye kaa na kamba wadogo, mawe yenye konokono. Mpe mtoto ndoo. Hutasikia kilio.

Binti_Pangani
Shikamoo baba. Nimesoma mara tatu. Nimekuwa nikipita pale Sillon, ufukwe mrefu wenye ukuta wa bahari, nikiona maji yamefika ukutani, siku nyingine hayapo kabisa, na sikuwahi kufikiri kuyapangia siku. Naogopa kitu kimoja: mume wangu anasema kila mwaka kuna watu wanakatiwa njia na maji. Na tukiokota konokono tunaruhusiwa kula?

Mukongo_Dunkerque
Dada, jipe moyo. Mimi mtu wa Bukavu, niko Dunkerque, mpakani na Ubelgiji, huku ndiko baridi kwelikweli. Kilichoniokoa ni kutoka na watu, si kutoka peke yangu. Kuna mchezo unaitwa longe-côte: mnavaa nguo za mpira za kuogelea, mnaingia baharini mpaka kifuani, mnatembea kwa mstari sambamba na ufukwe. Ulianzia huku kwetu kaskazini miaka ya 2000, sasa uko pwani nzima, na Saint-Malo upo. Wazee wa miaka 70 wanaingia Januari wakiimba. Mara ya kwanza nilidhani nitakufa, nikatoka maji nikiwa na joto mwilini hadi usiku. Vyama vingi vinakuruhusu kujaribu kabla ya kulipa, uliza.

Na kama mgeni wako anapenda sherehe, Dunkerque kanivali inaanza Januari hadi Machi. Jumapili kabla ya Mardi Gras, ile Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, mji mzima unajipaka rangi, wanaume wanavaa magauni, na meya anawarushia watu samaki aina ya hareng kutoka roshani ya jumba la jiji. Mabasi ya mji ni bure tangu 2018. Ni mbali na kwako, najua, lakini nimeona niseme.

Shemeji_wa_Marseille
Mimi nasema Februari mlete mgeni kusini. Nice kuna kanivali, Menton kuna sikukuu ya ndimu, jua lipo. Bretagne Februari ni kumtesa mtu wa Muscat.

Mama_Wawili_Rennes
Shemeji, nauli ya watu watatu hadi Menton na hoteli wakati wa kanivali unaijua? Dada amesema pesa si ya kuchezea. Na mtu wa Muscat jua analo mwaka mzima, hajaja Ufaransa kutafuta jua.

Dada, mgeni wako nimpangie kidogo. Siku moja mpande MAT, basi la mji wenu, hadi Cancale. Bandarini pale kuna vibanda vya chaza. Unachagua kwa ukubwa, wanakufungulia hapohapo, wanakupa sahani na kipande cha limau, mnakaa kwenye ngazi za mawe mkitazama ghuba, maganda mnayatupa chini ufukweni kama kila mtu. Huu ndio msimu wake. Anga ikitakata mtauona Mont-Saint-Michel kwa mbali.

Jumamosi mpande treni mje kwetu Rennes, haifiki saa nzima. Soko la Lices ni la asubuhi, mwahi. Maduka ya mihogo na ndizi za kupika nitawaonyesha mwenyewe. Mkiagiza galette, ile chapati nyembamba ya unga wa kijivu, semeni mapema bila ham, maana ile ya kawaida ina nyama ya nguruwe ndani. Ya yai na jibini inatosha, na inashibisha.

Siku ya mvua ya kumwaga nendeni La Grande Passerelle karibu na stesheni. Maktaba ina sehemu ya watoto na hakuna anayekuuliza umekaa muda gani. Na wewe mwenyewe, uliza kituo cha jamii cha mtaa wako. Vingi vina madarasa ya Kifaransa na asubuhi za kahawa kwa akina mama. Marafiki wangu wa kwanza niliwapata huko.

Nahodha_wa_Faza
Marahaba mwanangu. Mumeo anasema kweli, sikiliza. Kisiwa cha Grand Bé kinafikika kwa miguu maji yakipwa. Juu kuna kaburi la mwandishi wao mkubwa aliyefariki 1848, halina jina, msalaba tu, limeelekea bahari. Mgeni atapapenda. Lakini njia ya mawe inafunikwa mapema. Ondokeni bara masaa mawili kabla ya kupwa kabisa, na saa ya kupwa ikifika muwe mnarudi. Siku za bamvua maji hurudi kwa kasi kubwa, na ukungu wa bahari ukishuka hamuoni mbele. Mkikatiwa njia msijaribu kuvuka, kaeni juu na mpige 196, ndiyo namba ya uokoaji wa baharini.

Kuokota kunaruhusiwa kwa kula nyumbani, ila kuna ukubwa wa chini na kiasi, na baadhi ya fukwe hufungwa kwa sababu ya uchafu wa maji. Soma tangazo la manispaa kabla ya kujaza ndoo, na jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa.

Asubuhi ya bamvua, upepo ukivuma kutoka kaskazini magharibi, mpeleke mgeni Sillon atazame mawimbi yakipiga magogo ya mwaloni na kuruka juu ya ukuta. Simameni mbali, yanabeba mawe. Siku ya upepo wa kaskazini bila bamvua, njooni huku Solidor, kilima kinakinga, mtoto anaweza kukimbia. Na kuzunguka juu ya kuta za mji wa zamani ni karibu kilomita 2, bure kabisa. Mji ule uliungua Agosti 1944, wakaujenga upya kwa mawe yaleyale ya granite.

Binti_Pangani
Nimetoka dukani sasa hivi, kijitabu ninacho. Wiki ya mdogo wangu kuna siku nne mfululizo zimepita 100! Nashukuruni wote. Daktari nimepata miadi Jumanne. Dada wa Rennes, nimekutumia ujumbe.

Nahodha_wa_Faza
Basi chagua siku ya pili au ya tatu kati ya hizo. Mke wangu anauliza mdogo wako anavaa kiatu namba ngapi, tuna gambuti za ziada za 38 na 40.