Je, picha ya ukingoni ina umri wa kitabu chenyewe?

Mpenda Juzuu: Ndugu zangu, salaam. Naishi Leeds, na juzi nilionyeshwa kitabu cha mashairi kilichochapwa mwaka 1795. Kikifungwa, ukingo wa kurasa zake ni dhahabu tupu, lakini kurasa zikilazwa upande kidogo, kama karata zinavyotandazwa mkononi, hujitokeza picha ya mto, mashua na daraja. Muuzaji anadai ni kazi ya karakana ya Edwards wa Halifax, wale wajalidi wa vitabu wa Uingereza, na kwa hiyo anataka bei mara nne ya nakala isiyo na picha. Nitahakikishaje?

Mzee wa Majalada: Mwaka wa kuchapwa hauthibitishi chochote, ndugu yangu. William Edwards na wanawe waliieneza sana sanaa hii katika karne ya 18, ingawa huko London sanaa yenyewe ilikuwa ikijulikana tangu karne ya 17. Lakini kwa kuwa kazi zao kwa kawaida hazikutiwa saini, jina lao limekuwa kanzu ya kuazima, ambayo kila muuzaji huivisha bidhaa yake. Rangi hupakwa kwenye ukanda mwembamba wa kila ukurasa, nyuma tu ya ukingo, pasipo kugusa dhahabu, na wachoraji wengi wa karne ya 20 walitafuta makusudi vitabu vikuukuu ili wavichore. Hilo daraja likoje?

Mpenda Juzuu: Lina minara miwili mirefu, iliyounganishwa kwa juu na njia ya kupitia watu.

Mzee wa Majalada: Basi hilo ni Tower Bridge, daraja la London lililofunguliwa mwaka 1894! Huyo Edwards angelionea wapi?

Binti Karatasi: Mzee amemaliza kesi, ila mimi nisingekiacha kitabu hicho endapo mkono wa mchoraji ni mzuri na bei itashuka. Nakuomba tu usikibane kwenye shinikizo ili picha ionekane rafuni siku zote, kwa kuwa kurasa zikikaa zimepinda hivyo mgongo huvutwa na mishono hulegea. Mimi huzilaza kwa mikono miwili, nikatazama kidogo, nikazirudisha. Na ukirudi dukani, zilaze upande wa pili pia, kwani vipo vitabu vyenye picha mbili, na si kila muuzaji amegundua.