MJADALA: Gari iliyotolewa masega (kisafisha moshi cha ekzosi) inyimwe stika ya ukaguzi, au tuanze na wengine kwanza?

Msukuma Mkokoteni:
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Tangu 2007 TBS, Shirika la Viwango, wana kiwango cha TZS 983 kinachoweka ukomo wa moshi wa magari, na mwaka huohuo zikatoka kanuni za ubora wa hewa chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Kwenye makaratasi tuko vizuri. Sasa nenda kwenye ukaguzi wa stika uone kinachoangaliwa: matairi, taa, breki, wipa, kizima moto, zile pembetatu. Moshi unaangaliwa kwa macho, ukiangaliwa. Na sumu mbaya kuliko zote kwenye moshi wa petroli ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Hayo macho yanaona nini?

Wakati huohuo gerejini masega yanatolewa mchana kweupe. Kwa asiyejua, masega ni lile gogo la kauri lenye vitundu vidogo vidogo ndani ya ekzosi, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa wa moto wa kutosha, kaboni monoksidi inageuka kaboni dayoksaidi, petroli isiyoungua inaungua, na oksidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada. Kompyuta inazilinganisha. Ya nyuma ikianza kuchezacheza kama ya mbele, kompyuta inajua masega yamekufa au hayapo, inawasha taa ya injini na kuandika kodi (namba ya hitilafu) P0420. Kwa hiyo gari yenyewe inajichunguza. Sisi ndio hatuisomi.

Hoja yangu: gari yoyote iliyoundwa na masega ipimwe moshi kwa mashine inapoomba stika, na kompyuta yake isomwe kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomeka kifaa cha uchunguzi, pale chini ya usukani. Ikikutwa haina masega, stika hakuna mpaka yarudi. Na tuache kuhukumu gari kwa umri. Toyota IST ya 2005 yenye masega mazima inaweza kutoa hewa safi kuliko gari ya juzi iliyochomolewa.

Semeni.

Fundi Spana:
Mkuu umeandika vizuri ila unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari.

Masega hayatolewi kwa starehe. Mteja anakuja analalamika gari haivuti, mlimani inakata pumzi, mafuta inabugia. Unafungua sensa ya mbele ili moshi upumulie pale, gari inapata nguvu papo hapo. Hapo umeshajua, masega yameziba. Na ukiyachungulia yameyeyuka kama mshumaa. Nimwambie anunue mapya orijino? Bei yake mwenye Vitz hawezi hata kuisikiliza hadi mwisho. Nikitoa, gari inatembea jioni hiyohiyo na watoto wake wanaenda shule kesho.

Kingine, mnayaonea masega. Masega huuawa. Gari inamisi (silinda haiungui sawasawa) miezi sita, koili mbovu, plagi zimechoka, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega. Au injini inakula oili. Ukirudisha masega bila kutibu hiyo kumisi umemtupia mteja hela.

Dada wa Tabata:
Fundi, umesahau kusema masega ukishayatoa yanaenda wapi 😀

Mwaka 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja. Tangu hapo wanunuzi wa masega wanapita gereji hadi gereji na mizani. Mteja anaambiwa "yameziba", anashukuru, analipa hela ya ufundi, na fundi anabaki na kitu cha thamani kuliko ufundi wenyewe. Sisemi ni wewe. Ila biashara iliyojengwa hivi haihitaji masega yazibe kweli ili yatolewe.

Fundi Spana:
Dada, wapo wanaofanya hivyo, sibishi. Mimi mteja namkabidhi masega yake mkononi. Akienda kuyauza ni yeye.

Dada wa Tabata:
Hewa ya Tabata haijui nani kayauza.

Konda Mstaafu:
Mnazungumza IST, IST. Simameni Ubungo saa moja asubuhi mniambie moshi mweusi unatoka wapi. Unatoka kwenye Coaster, Fuso na malori ya mchanga. Hizo nyingi ni dizeli za zamani, hazikuzaliwa na masega wala chujio, na hazina hata hiyo soketi yenu. Kwa hiyo sheria ya Msukuma inamkamata mwalimu mwenye Vitz, Fuso inapita inampulizia masizi usoni. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vinavyosababisha saratani bila shaka, tangu 2012. Mimi nimekaa mlangoni mwa daladala ujana wangu wote. Anzeni huko.

Msukuma Mkokoteni:
Konda, hapo umenigusa penyewe. Nakubali dizeli iingie tangu siku ya kwanza, tena kwa kipimo chake. Dizeli ya zamani haihitaji kompyuta: unakanyaga mafuta gari ikiwa imesimama, mashine inapitisha mwanga kwenye moshi na kusoma umezibwa kiasi gani. Nozeli mbovu na pampu iliyochezewa zinajulikana hapohapo, na dawa yake mara nyingi ni sevisi ya nozeli.

Ila sikubali kwamba kwa kuwa Fuso ni mbaya, basi petroli ziachwe. Huko Japani zinakotoka, gari binafsi ikinunuliwa mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kaboni monoksidi isizidi asilimia 1, na petroli isiyoungua isizidi sehemu 300 kwa milioni. Tangu Oktoba 2024 wameanza kusoma kompyuta ya gari pia kwa modeli mpya. Gari imefaulu mitihani yote hiyo, inashuka bandarini Dar, wiki ya pili inachomolewa masega.

Mzamiaji Ulaya:
Salaam kutoka Ubelgiji. Naongeza mawili matatu kwa sababu ukaguzi wa huku naupitia kila mwaka.

La kwanza, Msukuma asidhani kipimo cha mwanga kinatosha kwa dizeli mpya. Hizi mpya zina DPF, chujio la masizi linalojichoma lenyewe likifika kama nyuzi 600. Huku watu walikuwa wanalikata, na gari bado inafaulu kile kipimo cha zamani, maana injini mpya masizi yake ni madogo mno kwa mashine hiyo. Ndiyo maana Ubelgiji tangu Julai 2022, na Uholanzi tangu Januari 2023, wanahesabu chembe moja moja: Uholanzi ikizidi milioni moja kwa sentimita ya ujazo, imefeli. Chujio likiwa zima haikaribii hata kidogo.

La pili, msiiamini kompyuta peke yake. Volkswagen mwaka 2015 ilikamatwa Marekani imeandika programu inayotambua kwamba gari iko kwenye mtihani, inajifanya mtakatifu. Ikitoka barabarani, oksidi za naitrojeni zinafika hadi mara 40 ya ukomo. Magari kama milioni 11 duniani. Na waliowagundua walifunga mashine kwenye bomba la moshi wakaendesha barabarani, hawakuuliza kompyuta.

La tatu linawahusu zaidi. Mwaka 2020 wakaguzi wa Uholanzi walichunguza magari yanayosafirishwa Afrika kupitia bandari zao, wakakuta mengine yameshatolewa masega hukohuko kabla ya kupanda meli. Kwa hiyo wengine mtakuwa mnamnyima stika mtu aliyeuziwa gari tupu bila kujua.

Fundi Spana:
Mzamiaji asante kwa kunipa silaha 😂

Na hiyo soketi mnayoitegemea, nifundishe mimi? Sensa ya nyuma inawekewa kinati cha kuirefusha, inakaa mbali na moshi, inasoma kiupole, taa inazima. Malori yanayotumia AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi wa dizeli, yanafungwa kisanduku kinachoidanganya kompyuta kwamba dawa inapulizwa. Tangi limekauka, dashibodi inacheka.

Msukuma Mkokoteni:
Ndiyo maana nikasema bomba NA kompyuta, Fundi. Kinati kinaidanganya sensa, hakiidanganyi mashine iliyochomekwa kwenye bomba. Na anayefuta kodi ya hitilafu asubuhi ya ukaguzi naye anajulikana: ukifuta, kompyuta inaanza upya kujipima, na inachukua mwendo wa kutosha barabarani kabla ya kusema iko tayari. Mkaguzi akikuta "haijawa tayari", anakurudisha ukaendeshe kwanza.

Mkenya Jirani:
Jameni, huku kwetu hiyo habari ya umri tumeijaribu kitambo. Kenya gari ikizidi miaka minane haiingii. Sawa, inaingia ikiwa na miaka saba, halafu inakaa hapa miaka ishirini na hakuna mtu anaishughulikia tena. Matatu hukaguliwa kila mwaka, na bado ukiwa nyuma yake Jogoo Road unafunga dirisha. Umri unazuia mlangoni tu. Kwa hiyo niko na Msukuma: pimeni moshi.

Lakini msisahau mafuta. Mnakumbuka watu walivyokuwa wanachanganya dizeli na mafuta ya taa? Kwetu serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ndiyo ikapungua.

Konda Mstaafu:
Huku tuliita kuchakachua. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta) kwenye mafuta 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili isilipe tena kuchanganya. Maskini wa kibatari ndiye aliyelipia, lakini injini zikapona.

Dada wa Tabata:
Na hapo ndipo kisingizio cha mafuta kinapoishia. Zamani ilikuwa haki kusema masega hayafai Afrika: petroli yenye madini ya risasi inayaua kabisa, na ilikuwepo hadi Januari 2006 ilipoondolewa kusini mwa Sahara yote. Salfa nayo, dizeli ya Afrika Mashariki ilishuka hadi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015. Sio mafuta bora duniani. Yanatosha masega kuishi.

bwana_stendi:
Kwa kifupi mnamuongezea trafiki mradi mwingine. Leo anakula kwa taa ya breki, kesho atakula kwa hewa isiyoonekana. Mashine itaharibika wiki ya kwanza, bahasha haiharibiki.

Kigali Kwetu:
Bwana stendi, sisi Rwanda tumeanza kupima moshi mwaka 2025, kwenye vituo vya ukaguzi, na ada yake tunailipa juu ya ile ya ukaguzi wa kawaida. Pikipiki zimo. Inauma mfukoni, sidanganyi. Kinachosaidia ni kwamba anayepima hashiki hela na hasimami barabarani.

Msukuma Mkokoteni:
Hilo nalichukua lote. Upimaji usiwe kando ya barabara. Gari iende kituoni, ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali kabla hujafika, matokeo yatoke kwenye mashine yaende moja kwa moja kwenye mfumo dhidi ya namba ya chesesi. Trafiki aone neno moja tu kwenye simu yake: imefaulu au imefeli.

Na kwa wale waliouziwa gari tupu, Mzamiaji ana haki. Ukaguzi wa kabla ya kupakia meli uandike masega yapo au hayapo. Gari ya petroli isiyo nayo isipakiwe. Muagizaji ndiye abebe mzigo, sio mnunuzi wa tatu.

Konda Mstaafu:
Na magari ya serikali? STK na STL zitapanga foleni na sisi, au zitapewa msamaha?

Dada wa Tabata:
Zianze zenyewe, mwaka mzima kabla ya raia. Matokeo yabandikwe gazetini kwa wizara.

Fundi Spana:
Haya, mkifanya hivyo mimi sina ubishi mkubwa. Ila nina masharti. Mwaka wa kwanza uwe wa kupima na kuonya tu, bila kunyima stika, ili mtu ajue gari yake ina hali gani na atafute hela. Mnunuzi wa masega aandikishwe kama muuza vyuma chakavu, kila sega analonunua liambatane na namba ya chesesi ya gari lililotoka. Hapo mtaona gereji nyingi zinaacha kuona "yameziba". Na masega ya mtumba yaruhusiwe kuingia kwa ushuru mdogo, maana bila hivyo mnamuagiza mtu kununua kitu ambacho hawezi.

Msukuma Mkokoteni:
Mwaka wa onyo nakubali. Kuwaandikisha wanunuzi nakubali kwa mikono miwili. Mtumba wa masega hapana, Fundi. Sega lililotumika hulijui limebakiza nini ndani. Linaweza kuonekana zima kabisa na rodiamu imeshakufa kwa oili ya injini ya mwenzako. Tutamuuzia mtu mara ya pili kitu kilichokufa, halafu afeli tena mwakani.

Fundi Spana:
Si mtapima kwenye bomba? Likifeli anarudishiwa hela na muuzaji. Au mashine yenu mnaiamini kwa mteja tu, kwa muuzaji hamuiamini?

Dada wa Tabata:
Hapo Msukuma ajibu yeye. Muuzaji wa spea wa kukurudishia hela mimi sijamuona.