Kusokota sufu iliyotiwa rangi kwa ajili ya soksi

Mfumaji wa Ol Kalou:
Ndugu zangu, salaam. Nina sufu ya kondoo wa Corriedale, fungu moja refu lililokwisha kuchanwa na kutiwa rangi ya buluu, kijani na manjano kwa kufuatana, nami nataka kuisokota kwa gurudumu nipate uzi wa kufumia soksi. Tangu ilipochemshwa katika rangi imeshikana, hivyo nikiivuta hutoka nene mahali pamoja na nyembamba mahali pengine. Niilegeze vipi, na nisokote nyuzi ngapi pamoja ili kisigino kisitoboke mapema?

Msokotaji wa Nanyuki:
Karibu, dada. Lipasue fungu kwa urefu wake, kisha shika kipande huku mikono ikiwa imeachana kuzidi urefu wa unywele mmoja wa sufu, uvute taratibu hadi uhisi nywele zinaanza kuteleza. Mikono ikikaribiana mno, unakuwa umeshika ncha zote mbili za nywele zilezile, na hapo hata ukivuta kwa nguvu hakuna kitakachosogea. Sehemu iliyogandamana kabisa itenge, maana haitasokoteka vizuri.

Kwa soksi mimi nasimamia nyuzi tatu. Uzi wa nyuzi mbili una mabonde ubavuni, ilhali wa tatu hukaribia mviringo, na msuguano wa kiatu hauli upande mmoja tu. Sokota kila uzi kwa mwelekeo wa saa, ukikaza kuliko uzi wa sweta, kisha uziunganishe kwa mwelekeo wa kinyume. Wengi huogopa kukaza wakidhani soksi itakwaruza, lakini uzi mlegevu ndio unaoachia nywele zake na kulika haraka.

Mama Sufu:
Nakubaliana naye, ila ukiunganisha nyuzi tatu zilizosokotwa mbalimbali, buluu itakutana na manjano na mistari itapotea. Ukitaka rangi zikae kila moja mahali pake, sokota uzi mmoja mrefu, kisha uukunje kwa vitanzi vinavyopita kimoja ndani ya kingine, hata ujirudie mara tatu wenyewe. Kwa kisigino, changanya na mohea ya mbuzi wa Angora, ambayo ni imara sana.

Mfumaji wa Ol Kalou:
Asanteni sana. Nitafuata njia ya vitanzi. Je, uzi ukiisha kusokotwa niuoshe kabla ya kufuma?

Mama Sufu:
Naam. Uloweke katika maji ya vuguvugu bila kuusugua, uukamue ndani ya taulo, uuanike bila kuufungia uzito. Uzi uliokaushwa ukiwa umenyooshwa kwa nguvu hujirudi ukifuliwa mara ya kwanza, na soksi iliyokutosha jana haitaingia mguuni.