Mnaoishi mitaa ya kimya Uingereza: jirani alikusemesha lini mara ya kwanza? Tupeane uzoefu

Mtoa mada

Habari zenu wakuu.

Niliingia huku Januari 2023 kwa viza ya kazi ya kutunza wazee. Uingereza niliyoijua ni London ya kwenye picha, mabasi mekundu na watu wanapigana vikumbo. Nikashushwa Tilehurst, pembeni ya Reading: nyumba za matofali zilizoshikana mbilimbili, kila moja na kibustani mbele, gari mlangoni, pazia limefungwa. Saa kumi na nusu jioni giza hilo linaingia. Mimi nimekulia Mbagala, nimezoea kulala katikati ya baa mbili zinazoshindana kwa spika. Wiki ya kwanza usingizi ulinikataa kwa sababu ya ukimya. Unasikia friji linavyohema.

Sasa kisa chenyewe ni cha pipa. Kila nyumba ina mapipa yake ya magurudumu, la taka za kawaida na la taka za kuchakatwa, na yanatolewa barabarani kwa zamu, wiki hii hili, wiki ijayo lile. Mimi kwa kuogopa kukosea nikawa natoa yote mawili kila wiki. Nikirudi kazini nakuta lile lisilo na zamu limerudishwa, limesimamishwa ubavuni mwa mlango wangu, limenyooka kama askari wa gwaride. Wiki ya pili hivyo hivyo. Wiki ya tatu nikampigia mama Dar. Akaniuliza swali moja tu: "Umemkosea nani huko?"

Wiki ya nne nilikuwa na mapumziko, nikajibanza nyuma ya pazia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi akatoka mzee wa nyumba tunayoshiriki ukuta, umri kama miaka themanini, kavaa ndala na soksi, anavuta pipa langu polepole magurudumu yasipige kelele. Nikatoka. "Shikamoo" ikanitoka kwa Kiswahili kabisa. Akaniambia wiki hii ni zamu ya lile lingine. Akaongeza kwamba baridi ya leo si kama ya jana. Akaingia ndani.

Mwezi mzima mtu ananihudumia na hakuwahi kugonga mlango! Siku hizi pipa lake nalitoa mimi. Ndani kwake sijaingia, na yeye hajaingia kwangu.

Nyie wenzangu mlianzaje?

Mzaliwa wa Ng'ambo

Mie yangu ya mwaka 2016, Milton Keynes. Ramadhani iliangukia Juni, jua halizami mpaka kwenye saa tatu na nusu usiku, na daku ni saa nane. Hujalala, unaamka. Na mie pilipili nisiyoitwanga mwenyewe kwenye kinu naiona maji mekundu tu. Basi saa saba na nusu usiku natwanga, kinu juu ya meza ya jikoni, meza imegusa ukuta, na ukuta ndio huo huo wa jirani.

Siku ya sita kikaingia kikaratasi kwenye tundu la barua. Mwandiko mzuri, wino wa buluu. Anatumai sote hatujambo; anasikia mtu anagonga ukuta usiku wa manane; je, kuna anayehitaji msaada? Mume wangu akakisoma mara mbili, akasema, "Huyu anadhani nakupiga." Alitaka twende tukaeleze usiku ule ule. Nikamwambia ukienda wewe ndiyo tumekwisha.

Kesho yake nikapanga vitumbua na sambusa kwenye sahani, nikafunika kwa kitambaa, kinu nikakibana kwapani kiwe ushahidi. Bibi wa watu akafungua mlango mnyororo haujatoka. Akaniona mimi, sahani, na kinu. Kiingereza kikanipotea, nikatwanga hewani. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Sahani ilirudi siku ya pili, imeoshwa inang'aa, na kadi ya shukrani juu yake. Tupu! Nilipomhadithia mama yangu Unguja, habari ya sahani kurudi tupu ilimuudhi kuliko ya mkwewe kushukiwa mpigaji. Lakini mwezi wa Agosti nikakuta mlangoni kikapu cha plamu za mti wake. Na mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei, aliniita kwenye uzio akauliza: mwezi wa kugonga unaanza lini?

Msee wa Kisumu

Yangu ni Leicester, mtaa wa Evington. Nilikuwa na tabia ya kupiga simu za nyumbani nikiwa nyuma kwenye bustani, maanake huko ndiko ningeweza kupaaza sauti na hakuna anayeelewa. Siku moja nagombana na fundi, amekula pesa ya mabati, namwambia kila kitu. Nikasikia sauti juu ya uzio: "Huyo fundi mwizi, wewe badilisha."

Ni mzee wa Kihindi wa nyumba ya nyuma. Miaka miwili nimekuwa nikiwatusi watu nikijiona niko faraghani, kumbe mzee amekaa pale na chai yake anasikiliza kama redio.

Alikuwa kijana wa duka Jinja. Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wametoka Uganda, mwaka 1972, halmashauri ya Leicester iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Yeye anasema ndiyo mara ya kwanza alisikia jina la Leicester. "Sisi nasoma, sisi nauliza, hii Leicester iko wapi? Sisi nakuja."

Kiswahili chake kimegandia mwaka ule ule. Gari bado anaita motokaa. Na fundi nilibadilisha.

Zamu ya Usiku

Naona wote mmejaliwa majirani wa plamu. Wacha na mimi niseme.

Niko Surrey. Nyumba za miaka ya 1930, ua wa majani umekatwa kama kwa rula, na kwenye nguzo ya taa kuna kibandiko kinachosema mtaa huu wakazi wanaulinda wenyewe. Nafanya kazi hospitali, zamu za usiku. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila Alhamisi saa mbili usiku mtaa mzima ulitoka milangoni kupiga makofi na kugonga masufuria kwa ajili yetu wahudumu wa afya. Wiki kumi. Saa ile ndiyo nilikuwa natoka kuwahi basi, kwa hiyo nilipita katikati yao na beji yangu shingoni. Mtoto mmoja alinipungia mkono.

Desemba mwaka huo huo narudi saa moja na nusu asubuhi, hakujapambazuka vizuri, niko mlangoni kwangu natafuta ufunguo chini ya begi. Gari la polisi likasimama. Kuna mtu amepiga simu kwamba mwanaume aliyevaa kofia anachokonoa mlango. Polisi mwenyewe alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Nilifungua kwa ufunguo wangu, nikamletea bili ya maji yenye jina langu, akaomba radhi akaondoka. Pazia la ng'ambo ya barabara likarudi mahali pake.

Kwa hiyo mkuu, kama swali ni lini jirani alinisemesha, jibu ni bado. Nimesemewa tu.

Mtoa mada

Pole sana mkuu. Hii imenikaa.

Mwanafunzi Mtarajiwa

Samahani natoka nje ya mada. Nakuja kusoma Sheffield Septemba, hii kodi ya halmashauri wanayoilalamikia watu inatuhusu?

Msee wa Kisumu

Kama nyote ndani ya nyumba ni wanafunzi wa muda wote hamlipi, ila usikae kimya ukadhani wanajua. Chukua barua chuoni uwapelekee. Mtu mzima anayeishi peke yake anapunguziwa asilimia 25. Na usishangae nyumba zimepangwa madaraja ya kodi hiyo, A hadi H, kwa thamani ya Aprili 1991. Hata iliyojengwa juzi wanakadiria ingeuzwa pesa ngapi mwaka huo. Haya, turudi kwa majirani.

Mama Korogwe

Nipo Coventry, mwaka wa nne. Nyumba ya kushoto waliishi bibi na babu, salamu zetu za mkono tu, kila mtu garini mwake. Siku moja naona gari linapakia kitanda cha hospitali. Nikajua wamekirudisha, bibi kapona. Nikamwona babu kwenye mapipa nikampongeza.

Akaniambia bibi amefariki siku kumi zilizopita.

Siku kumi, ukuta mmoja! Hakuna turubai, hakuna kilio, hata gari la ziada sikuliona. Na mimi Jumamosi ile nilikuwa nimefungulia taarabu nikifanya usafi. Nilijisikia vibaya mno.

Nikapika wali wa nazi na kuku, sufuria la msiba kabisa, nikagonga. Babu akalitazama sufuria, akauliza ni la watu wangapi. Nikasema, watakaokuja. Akasema hakuna anayekuja mpaka Jumanne, siku ya maziko, mtoto wao yuko Australia. Tukakaa jikoni. Akala vijiko vitatu vinne, halafu akaniuliza kama najua kuwasha mashine ya kufulia, kwa sababu ile alikuwa akiiendesha bibi na yeye hajui pa kubonyeza. Shati lake jeupe la maziko lilikuwa ndani, limelowa tangu juzi.

Nikalifua upya, nikalipiga pasi. Mazishini alinikalisha safu ya pili.

Mtoa mada

Daah. Mama Korogwe, asante.

Zamu ya Usiku

Mama, Mungu akubariki.

Swali kwa Mzaliwa wa Ng'ambo: hicho kinu ulikipitishaje uwanja wa ndege?

Mzaliwa wa Ng'ambo

Cha jiwe, kilo sita kamili na mchi wake. Niliacha viatu na koti. Jamaa wa mizigo pale uwanja wa Kisauni, Unguja, akaniuliza nakwenda nacho wapi, nikamwambia Ulaya, akasema, "Ulaya kuna mashine." Mie nikanyamaza.